Eli alidhani Hana amelewa



Fikiri hali hii. Haimhusu mtu yeyote unayemjua, lakini inaweza kutokea Jumapili yoyote hapa Bariadi, Maswa au Lamadi. Umeingia kanisani na kuketi. Kwenye benchi la tatu kutoka mbele yupo ndugu mmoja ambaye miezi kadhaa iliyopita alimgonga kwa gari mama aliyekuwa akirudi kutoka mnadani jioni. Askari walisema alinuka pombe. Alishtakiwa, akaweka wakili, na wiki hii hakimu amemwachia huru kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi yake. Kwenye benchi la saba, upande wa akina mama, amekaa yule mama aliyegongwa. Magongo yake ameyaegemeza ukutani.

Padri au mchungaji atakapowaambia mpeane mikono ya amani, wewe uliyekaa katikati yao utawaza nini?

Najua tunachosema tukitoka nje ya kanisa. Tunasema wakili amemtoa mlevi. Tunasema mwenye pesa hafungwi. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuuliza Mkristo anawezaje kufanya kazi ya uwakili, kumtetea mtu ambaye kila mmoja anajua alikuwa amekunywa. Leo naomba tulitazame jambo hili taratibu, Biblia ikiwa mkononi, maana tukilikosea tutamkosea Mungu kwa namna mbili: tutamhukumu asiye na hatia, na tutamfariji mwenye hatia.

Tuanze Shilo. Fungua 1 Samweli sura ya kwanza. Hana ameingia hekaluni na uchungu wa kukosa mtoto. Anaomba kwa moyo wake, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anamtazama. Ni mtu mzima, ana uzoefu wa miaka mingi, na amewaona walevi wengi siku za sikukuu. Anatoa hukumu palepale: mwanamke huyu amelewa. Anamkemea aache mvinyo wake.

Eli hakusema uongo. Alichokiona alikiona kweli: midomo inacheza bila sauti. Kosa lake lilikuwa kuruka kutoka kwenye dalili moja hadi kwenye hukumu, bila kuuliza swali hata moja. Hana hakuwa na wa kumsemea. Alijitetea mwenyewe, kwa heshima, akamweleza kuhani kwamba hakunywa mvinyo wala kileo, bali alikuwa akimimina huzuni yake mbele za Bwana. Eli alipomsikia, alibadili kauli, akambariki. Je, kama Hana angekuwa mtu wa aibu, akanyamaza? Angeondoka hekaluni na jina la mlevi, na kijiji kizima kingeliamini, maana aliyesema ni kuhani.

Sasa njoo mahakamani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha chombo cha moto ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu. Tena inaweka kiwango: pombe katika damu isizidi miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inasema mtu aliyeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Na anayepaswa kuthibitisha ni yule anayeshtaki, tena bila kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakulewa. Kazi ya wakili wa utetezi ni kuupima uzito wa ushahidi huo mbele ya hakimu.

Anaupimaje? Anaanza na hati ya mashtaka. Je, inaeleza kosa linalojulikana kisheria, siku, mahali na namna lilivyotendeka, ili mshtakiwa ajue anajibu nini? Kushindwa kulimudu gari ni jambo moja. Kuzidisha kiwango cha pombe katika damu ni jambo jingine, na kila moja lina ushahidi wake. Ukimshtaki mtu kwa hili, usilete ushahidi wa lile.

Kisha anauliza nani alikuwa akiendesha. Unaweza kushangaa, lakini ajali za usiku zina mkanganyiko. Trafiki anafika baada ya saa nzima, amekuta watu watatu wamesimama kando ya Noah, mmoja ananuka pombe. Nani alimwona akiwa ameshika usukani?

Halafu anakuja kwenye dalili. Shahidi anasema macho yalikuwa mekundu, alikuwa anayumba, alinuka pombe. Wakili anamdodosa: macho hayawezi kuwa mekundu kwa vumbi la kiangazi, au kwa kuendesha tangu alfajiri? Mtu aliyetoka tu kugonga kichwa kwenye kioo hawezi kuyumba? Homa kali ya malaria haimfanyi mtu aongee ovyo? Waganga wanajua kwamba mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imevurugika vibaya anaweza kuchanganyikiwa na kutoa pumzi yenye harufu ambayo mtu asiyejua ataidhania pombe. Haya si maneno ya kupoteza muda. Ni maswali ambayo Eli hakuyauliza.

Kisha kinakuja kipima ulevi, kile kifaa cha kupuliza. Kifaa ni kitu cha kuhesabu, na kila kitu cha kuhesabu hukosea kisipohakikiwa. Mkulima wa pamba wa Simiyu halihitaji somo hili. Anaijua mizani inayosoma pungufu siku ya kuuza, na anajua kwa nini Mithali inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Wakili anauliza: kifaa hiki kilihakikiwa lini? Aliyekitumia alifundishwa? Dereva alipuliza muda gani baada ya kunywa, au baada ya kusukutua kwa dawa yenye kileo? Katika nchi nyingi mpimaji hutakiwa kumwangalia mtu kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kumpima, kwa sababu kileo kilichobaki mdomoni huweza kuonekana kana kwamba kimo ndani ya damu.

Ikiwa ilichukuliwa damu, maswali yanaongezeka. Nani aliichukua, saa ngapi? Chupa ilifungwa kwa lakiri? Iliandikwa jina? Ilikaa wapi kabla ya kufika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali? Kutoka hospitali ya hapa Bariadi hadi ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza ni safari, na kila mkono ulioishika chupa hiyo unatakiwa kujulikana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza mara nyingi kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu ya nani alikipokea na nani alikikabidhi, tangu kinachukuliwa hadi kinafika mahakamani. Tena ripoti ikishapokelewa kuwa kielelezo, lazima isomwe kwa sauti, mshtakiwa asikie kilichoandikwa juu yake. Ripoti nyingi zimeondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa kwa sababu tu hazikusomwa.

Mwisho ni maelezo yaliyochukuliwa polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu anapokamatwa, muda huo ukiweza kuongezwa kwa utaratibu wa kisheria. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya pili bila kufuata utaratibu yanaweza kukataliwa. Na mtu akisema "ni kweli" mbele ya hakimu, lazima iwe wazi kwamba ameelewa anachokubali. Mzee wa Itilima au Meatu anayekisikia Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili anaweza kusema "ni kweli" akimaanisha kwamba ni kweli alikuwa barabarani.

Sasa niambie, ndugu yangu. Katika maswali haya yote, lipi ni dhambi?

Siku ya Pentekoste watu wa Yerusalemu waliwaona mitume wakinena kwa lugha, wakacheka, wakasema wamelewa mvinyo mpya. Petro alisimama akawatetea wenzake. Hoja yake ya kwanza haikuwa ya kiroho hata kidogo. Alisema ni saa tatu asubuhi. Soma Matendo 2:15. Petro alipima tuhuma kwa saa! Ndivyo afanyavyo wakili anapouliza muda wa kukamatwa na muda wa kupimwa. Nikodemo naye aliwauliza wakubwa wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimzomea, lakini swali lake limebaki. Na Torati ilikuwa imekwisha kusema zamani kwamba shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, na kwamba tusifuate mkutano kutenda uovu.

Neno hilo la mkutano linatuhusu. Tunajua "wananchi wenye hasira kali" ni nani. Pikipiki ikimgonga mtoto njiani, mara ngapi watu wamemshukia dereva kwa mawe kabla hajafungua kinywa? Pasipo mahali pa kujitetea, kinachobaki ni mawe. Anayemchukia wakili ajiulize angependa nini siku mwanawe wa bodaboda atakapokuwa yeye ndiye aliyezungukwa.

Majirani zetu Wakenya walilipitia jambo hili kwa ukubwa. Mwishoni mwa mwaka 2013 walianza kutumia kipima ulevi walichokiita Alcoblow, na madereva wengi wakashtakiwa kwa namba iliyosomwa na kifaa. Januari 2017 Mahakama ya Rufani ya Nairobi ikasema kanuni zilizotumika zinagongana na Sheria ya Trafiki yenyewe, kwa kuwa sheria mama ilizungumzia dereva aliyeshindwa kulimudu gari, na si namba peke yake. Walevi walishangilia, hilo hatukatai. Lakini waliojenga msingi mbovu ni walioandika kanuni. Wakili alichofanya ni kuonyesha ufa.

Hapa nina neno kwa ninyi mnaokaa kanisani mkiwa mmevaa nguo za kiraia, ila Jumatatu mnavaa sare. Wewe askari wa usalama barabarani, wewe muuguzi, wewe mpelelezi, wewe mwendesha mashtaka. Ukiona mlevi ameachiwa, usianze na wakili wake. Mara nyingi mlango ulifunguliwa na chupa ambayo haikuandikwa jina, na fomu iliyojazwa wiki moja baadaye, na shahidi ambaye hakuitwa. Bwana alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo ni mwaminifu na katika lililo kubwa. Kuandika saa sahihi kwenye karatasi ni jambo dogo. Mama mwenye magongo anaitegemea saa hiyo. Na kama ulipokea kitu kidogo ili usiandike, unajua mwenyewe ni damu ya nani uliyoiuza.

Lakini sijamaliza, na sehemu iliyobaki ni ngumu zaidi.

Mpaka hapa nimemsemea Hana. Je, kama aliyeshtakiwa hakuwa Hana? Tuseme yule ndugu wa benchi la tatu alikuwa amekunywa kweli. Msimu wa pamba umefunguliwa, fedha imeingia, wakakaa na wenzake tangu saa tisa alasiri, akawaambia yuko sawa, akashika usukani. Wakili wake akaonyesha kwamba kipimo hakikufuata utaratibu, hakimu akafuata sheria, akamwachia. Hakimu hakukosea. Wakili, kama hakusema uongo wala kupanga shahidi wa uongo, hakukosea. Maadili ya kazi yake yanamruhusu kuupima ushahidi wa upande wa pili, lakini hayamruhusu kuidanganya mahakama. Anayevuka mpaka huo ameacha kutetea, ameanza kushuhudia uongo, na amri ya tisa inamngoja.

Na mshtakiwa je? Mahakama ilijibu swali moja tu: je, imethibitika? Mungu ana swali lake: je, ulikunywa, ukaendesha, ukamvunja binti yangu miguu? Jibu la swali la kwanza haliwezi kutumika kujibu la pili. Karatasi ya hukumu haina mahali palipoandikwa kwamba dhambi imesamehewa.

Mfalme Daudi hakushtakiwa mahakamani kwa ajili ya Uria. Hakuna ushahidi uliofika mbele ya mwamuzi yeyote, na pengine usingefika kamwe. Nathani alikwenda kwake na kisa cha mwana-kondoo, akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi angeweza kudai ushahidi. Alikiri. Zakayo naye hakuwa na amri ya mahakama alipoahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mkono wake ulifungua mfuko wenyewe.

Wewe uliyeachiwa, kama moyo wako unajua ulikunywa, nenda kwa yule mama. Zungumza na wakili wako kwanza kama unaogopa upande wa sheria, si dhambi kuomba ushauri. Lakini usikae ukishukuru Mungu kwa sauti kubwa kwenye ibada ya shukrani, ukitoa sadaka ya ushuhuda kwamba Bwana amekushindia maadui. Adui gani? Mama aliyetoka mnadani na mboga kichwani? Bwana alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende ukapatane naye kwanza. Gharama ya matibabu, ada ya watoto wake waliorudishwa nyumbani, jembe la shamba lililokosa mtu wa kulishika: hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Na wewe mama wa benchi la saba, sikia neno hili. Kuachiwa kwake katika jinai hakumaanishi kwamba huna haki. Kesi ya madai ya fidia ni tofauti, na kiwango cha ushahidi wake ni cha chini: mahakama inatazama upande upi una uzito zaidi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu wengine kama wewe. Usikae nyumbani ukilia hadi muda wa kudai upite, maana muda una ukomo. Kama huna fedha za wakili, tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wa kukuelekeza. Jumuiya yako, akina mama wenzako, wazee wa kanisa, wakusindikize. Wasikwambie tu usamehe. Msamaha ni wako kuutoa kwa wakati wako, na haufuti haki yako ya kutibiwa.

Tuliobaki katikati nasi tuna kesi yetu. Kutoka 21 inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, mwenyewe haadhibiwi. Lakini kama ng'ombe huyo alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alionywa asimzuie, basi ana hatia. Wasukuma mnaojua ng'ombe mnaielewa haki hiyo bila kufafanuliwa. Basi mwenye gari anayemkabidhi funguo dereva anayejua hunywa, amekwisha kuonywa. Mwenye sherehe anayewajaza wageni kreti baada ya kreti, kisha anawapungia mkono wakiwasha pikipiki, amekwisha kuonywa. Mzee wa kanisa anayemwona ndugu yake akinuka kileo kila jioni na kunyamaza kwa kuwa ni mchangiaji mkubwa wa jengo, amekwisha kuonywa. Chukua funguo. Mlaze kwako. Mlipie bajaji. Akikutukana, asubuhi atakushukuru.

Turudi kanisani. Wakati wa kupeana amani umefika. Wa benchi la tatu huenda ni Hana, aliyesingiziwa. Huenda ni Daudi, aliyefichika. Wewe hujui, na hukuitwa kujua kila kitu. Ukimnyoshea kidole, kumbuka Eli. Ukimpigia makofi, kumbuka Nathani. Ila yeye mwenyewe anajua, na yule mama wa magongo ameketi mabenchi manne nyuma yake. Kama atainuka na kutembea hadi kwake, mpishe njia.

Ee Bwana, uwape mahakimu wetu masikio, askari wetu uaminifu, mawakili wetu ulimi wa kweli, na sisi sote moyo wa kukiri hata pale ambapo hakuna awezaye kuthibitisha. Amina.

Jumapili njema.